Namna ya kutathmini msimu ulioharibika wa timu ya hoki ya barafu: mwongozo kwa wachambuzi wa michezo wa Uganda

Timu iliyoshika mkia si lazima iwe ndiyo iliyoboronga, na timu iliyoboronga si lazima ishike mkia. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtangazaji au mwandishi wa michezo anayetaka kueleza msimu mbaya wa timu ya hoki ya barafu kwa wasikilizaji wa Kiswahili, awe Kampala, Bombo, Arua au Kasese, anapaswa kulishika kabla hajafungua ukurasa wa takwimu. Katika msimu wa 2024–25 wa NHL, ligi kubwa kuliko zote za mchezo huu, yenye timu 32 za Marekani na Kanada, San Jose Sharks walimaliza wa mwisho kwa pointi 52 na karibu hakuna shabiki wao aliyeshangaa, kwa kuwa klabu ilikwishaachana na wakongwe wake na kuanza kujenga upya kwa vijana. Boston Bruins walipata pointi 76, yaani 24 zaidi ya hizo, na msimu wao ukahesabiwa kuwa msiba.

Hoki tunayoifahamu Uganda ni ile ya uwanja wa Lugogo, na hoki ya barafu iliyo jirani nasi ni ya Nairobi, ambako Kenya Ice Lions wamekuwa wakifanya mazoezi katika ukumbi wa barafu wa hoteli ya Panari. Hata hivyo wafuasi wapo. Waganda wengi wamefanya makazi Waltham na katika vitongoji vingine vya Boston, na mtu mwenye kaka au shangazi huko huletewa habari za Bruins pamoja na salamu. Timu ikianguka, wasikilizaji hupiga simu kwenye vipindi vya michezo kuuliza kulikoni, na jibu la kwamba wachezaji hawakujituma halimtoshi mtu aliyekesha akitazama.

Kukesha kwenyewe kuna hesabu yake. Mechi inayoanza Boston saa moja jioni huanza saa nane usiku kwetu mwezi wa Oktoba, na saa tisa usiku baada ya Wamarekani kurudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba, hadi Machi wanapozisogeza mbele tena. Mechi za pwani ya magharibi, kama vile Los Angeles na Vancouver, hutukuta tukinywa chai ya asubuhi. Msimu wa 2024–25 kila timu ilicheza mechi 82 kabla ya hatua ya mtoano, na hakuna mwenye kazi ya mchana anayeweza kuzitazama zote. Kwa hiyo chagua mechi kumi hivi zilizotawanyika kuanzia Oktoba hadi Aprili, uzitazame kwa makini hata kama ni marudio, na zilizobaki uzisome kupitia takwimu. Mtu aliyetazama mechi kumi vizuri huwa na mengi ya kusema kuliko aliyesinzia mbele ya arobaini.

Andika kwanza kilichotarajiwa

Kabla ya kuuliza kwa nini timu imeanguka, andika kwenye karatasi ilitakiwa ifike wapi. Mambo matatu yanatosha: pointi za msimu uliotangulia, wachezaji walioingia na waliotoka wakati wa usajili wa Julai, na umri wa wachezaji tegemeo. Boston walitoka kwenye pointi 109 wakaishia 76. New York Rangers, walioongoza ligi nzima msimu wa 2023–24 kwa pointi 114, waliporomoka hadi 85. Nashville Predators walikuwa na 99, wakamwaga fedha ili wapande juu zaidi, kisha wakapata 68. Timu hizo zilipoteza pointi 33, 29 na 31 kwa mfuatano huo, na zote tatu zilikosa mtoano ambao huchukua timu 16, yaani nusu ya ligi. Ukiziangalia kwa mbali utadhani ni ugonjwa mmoja, ilhali kila moja iliugua lake, na kazi ya mchambuzi ni kuutaja ugonjwa kwa jina lake.

Upande wa pili waweke Calgary Flames. Walipata pointi 96, sawasawa na St. Louis Blues, wakaachwa nje kwa sababu Blues walikuwa na ushindi mwingi zaidi uliopatikana ndani ya dakika 60 za kawaida, huku upande wa mashariki wa ligi, ambao hugawa nafasi zake za mtoano peke yake, Montreal Canadiens wakipenya kwa pointi 91. Mtu anayesoma msimamo peke yake angewaandika Calgary kuwa wameshindwa. Lakini kabla ya msimu kuanza wengi waliwaweka chini kabisa, wakiwa na kipa kijana, Dustin Wolf, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Mwaka wao ulikuwa mzuri uliomalizika kwa maumivu, jambo ambalo ni tofauti kabisa na mwaka mbaya. Mashabiki wa SC Villa hawahitaji kufundishwa hoja hii. Klabu yao ilikaa miaka 20, kuanzia 2004 hadi 2024, bila kutwaa ubingwa wa ligi, na nafasi ya katikati ya msimamo ambayo ingekuwa sherehe kwa klabu iliyopanda daraja juzi ilikuwa aibu kwao.

Pointi zinavyohesabiwa

Ushindi huleta pointi mbili, kufungwa ndani ya dakika 60 hakuleti kitu, na kufungwa katika muda wa ziada au kwa mikwaju huleta pointi moja. Hakuna sare. Kwa sababu hiyo rekodi ya timu huandikwa kwa namba tatu: Nashville walikuwa 30-44-8, na mara mbili ya 30 ukijumlisha 8 ndizo zile pointi 68. Iangalie sana namba ya tatu, kwa maana muda wa ziada wa msimu wa kawaida huchezwa na wachezaji watatu kwa watatu kwa dakika tano, mchezo ambao haufanani na ule wa watano kwa watano na ambao hautumiki katika mtoano. Timu iliyokusanya pointi nyingi kwa njia hiyo huonekana imara kuliko ilivyo.

Tofauti ya mabao nayo ichunguzwe kabla ya kutangazwa. Timu inayofungwa kwa bao moja humtoa kipa wake dakika za mwisho ili iongeze mshambuliaji, na mara nyingi hufungwa tena goli likiwa tupu. Kipigo cha 4-1 unachokisoma asubuhi huenda kilikuwa 2-1 zikiwa zimebaki dakika mbili.

Uchunguzi uanzie golini

Kama una muda wa kutazama takwimu moja tu, tazama asilimia ya mashuti yaliyookolewa. Katika soka kipa anaweza kumaliza mechi akiwa ameguswa na mashuti matatu. Katika hoki ya barafu hupigiwa takribani 28, na kisahani kile cheusi cha raba ngumu, ambacho hapa tutakiita paki, hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Wastani wa ligi msimu wa 2024–25 ulikuwa kuokoa mashuti 90 hivi kati ya kila 100. Mashuti 28 mara mechi 82 yanakaribia 2,300, kwa hiyo kila pungufu ya asilimia moja ni mabao 23 kwa msimu. Wachambuzi wa takwimu hukadiria kwamba mabao sita hivi ya tofauti yana thamani ya ushindi mmoja. Asilimia moja, basi, ni karibu ushindi minne, au pointi nane, na Calgary walikosa mtoano bila kuzidiwa hata pointi moja.

Sasa tuirudie Boston. Mwezi wa Juni 2024 walimpeleka Ottawa kipa Linus Ullmark, aliyekuwa ametwaa tuzo ya Vezina ya kipa bora mwaka 2023, kwa kuwa walimwona Jeremy Swayman, mdogo wake kwa umri, kuwa ndiye kipa wa miaka ijayo. Hesabu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Tatizo ni kwamba walivutana na Swayman juu ya mkataba mpaka akakosa kambi nzima ya mazoezi, akasaini tarehe 6 Oktoba 2024, msimu ukiwa mlangoni, kwa miaka minane na dola milioni 66. Msimu wa kabla yake alikuwa ameokoa asilimia 91.6 ya mashuti. Msimu huo aliokoa asilimia 89.2. Tofauti hiyo ni mabao 24 kwa kila mashuti 1,000, naye alipigiwa zaidi ya 1,500.

Hapa ndipo mchambuzi mvivu huweka kalamu chini na kutangaza kwamba kipa ameizamisha timu. Usiiweke bado. Uliza mashuti yalitoka wapi, kwa sababu shuti la beki kutoka mbali, njia ikiwa wazi, si sawa na shuti la mshambuliaji aliyepokea pasi iliyokatiza mbele ya goli huku kipa akilazimika kuvuka kutoka mwimo mmoja hadi wa pili. Takwimu inayoitwa mabao yaliyotarajiwa hulipa kila shuti uzito wake kulingana na mahali lilipopigwa na namna lilivyopigwa. Ilinganishe na mabao halisi. Ikiwa timu ilitarajiwa kufungwa mabao mengi na ikafungwa mengi, ukuta wa ulinzi ndio uliobomoka. Ikiwa ilitarajiwa kufungwa machache lakini yakaingia mengi, basi mazungumzo ni ya kipa. Boston walimpoteza beki Hampus Lindholm mwezi wa Novemba baada ya mechi 17 tu, na Charlie McAvoy mwezi wa Februari alipoumia akiichezea Marekani katika mashindano ya mataifa manne. Deni lile, kwa hiyo, ni la kugawana. Maoni yangu ni kwamba uongozi ulijitakia sehemu kubwa ya balaa hilo, kwani kipa hupata macho yake kwa kupigiwa mashuti kila siku, na kambi nzima ya mashuti hayo ilipotea kwenye meza ya mkataba.

Macho yako pia yana kazi, si takwimu peke yake. Unapotazama marudio, acha kuifuata paki kwa dakika mbili na utazame visigino vya kipa. Mbele ya goli kuna eneo lililopakwa rangi ya buluu. Kipa anayejiamini hutoka hadi ukingo wa eneo hilo, mabega yamenyooka, akalifunika goli machoni mwa mpigaji. Anayetetereka hurudi nyuma kidogo kidogo hadi visigino vinakaribia mstari wa goli, na pembe za juu mbili zinaanza kuonekana nyuma ya mabega yake. Ukimwona kipa amerudi hivyo katika mechi tatu za mwezi mmoja, unalo jambo la kumwambia msikilizaji ambalo hakuna jedwali litakalomwambia.

Bahati nayo ina kipimo

Jumlisha asilimia ya mashuti ya timu yaliyozaa mabao na asilimia ya mashuti iliyookoa. Kwa ligi nzima jumla hiyo ni 100 kamili, kwa kuwa kila shuti lililoingia upande mmoja ndilo lile lile lililoshindwa kuokolewa upande wa pili. Timu iliyo kwenye 103 baada ya mechi 20 kwa kawaida itashuka, na iliyo kwenye 97 kwa kawaida itapanda, hata kama kocha hatabadili kitu. Ni kipimo cha kukadiria tu, wala si hukumu: timu yenye kipa wa hali ya juu inaweza kukaa juu ya 100 kwa haki kabisa.

Rangers wa 2024–25 ni somo zuri la mwanzo unaodanganya. Walishinda 12 kati ya mechi 17 za kwanza, wakiwa na Igor Shesterkin golini, na aliyesoma msimamo katikati ya Novemba aliiona timu ya kuwania Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi. Kutangulia si kufika. Kabla ya Krismasi walikuwa wanapigwa na kila mtu, na hata walipomleta J.T. Miller kutoka Vancouver mwishoni mwa Januari 2025 hawakurudi mahali pao.

Kuna aina nyingine ya huzuni ambayo isichanganywe na hii. Tampa Bay Lightning walishinda mechi 62 msimu wa 2018–19 wakang'olewa na Columbus Blue Jackets katika raundi ya kwanza kwa mechi nne bila jibu. Boston wenyewe waliweka rekodi ya ligi msimu wa 2022–23, ushindi 65 na pointi 135, wakaongoza Florida Panthers kwa mechi 3-1 katika mfululizo wa mechi saba, kisha wakapoteza tatu za mwisho. Misimu kama hiyo huchambuliwa mechi kwa mechi, bao kwa bao, kwa kuwa kilichoharibika ni wiki mbili. Ukitafuta udhaifu mkubwa wa mfumo katika timu iliyoshinda mara 65, utaupata tu kwa sababu umeamua kuupata.

Fuata fedha

NHL ina ukomo wa mishahara. Msimu wa 2024–25 ukomo huo ulikuwa dola milioni 88 kwa kikosi cha kila timu, na mikataba hulindwa kiasi kwamba mchezaji aliyepungua kasi hawezi kuachwa hivi hivi. Fedha yake huendelea kukaa kwenye hesabu hata kama mabao yameisha. Mashabiki wetu waliozoea soka ya Ulaya, ambako klabu tajiri huficha kosa la usajili kwa kusajili tena Januari, wanahitaji kuelezwa jambo hili taratibu, kwa sababu bila kulielewa hawataona kwa nini kosa la siku moja linaweza kuibana timu kwa miaka mitano.

Siku hiyo moja, kwa Nashville, ni tarehe 1 Julai 2024. Walimsajili Steven Stamkos kwa miaka minne na dola milioni 32, Jonathan Marchessault kwa miaka mitano na milioni 27.5, na beki Brady Skjei kwa miaka saba na milioni 49. Jumla ni dola milioni 108.5 zilizoahidiwa kabla jua halijatua, na siku hiyo hiyo wakamwongezea kipa wao Juuse Saros mkataba wa miaka minane. Walisifiwa sana. Msimu ulipofunguliwa walipoteza mechi tano za kwanza.

Angalia umri na angalia mwaka ambao kila mmoja alikuwa ametoka kuucheza. Stamkos alikuwa na miaka 34 na mabao 40 ya Tampa. Marchessault alikuwa na miaka 33 na mabao 42 ya Vegas, idadi kubwa kuliko zote alizowahi kufunga. Nashville walilipa bei ya mabao 82. Walipata 27 kwa mmoja na 21 kwa mwingine, jumla 48. Filip Forsberg, aliyekuwa tayari hapo, akashuka kutoka 48 hadi 31. Washambuliaji wa hoki hufikia kilele chao katikati ya miaka ya ishirini, na mtu aliyepita thelathini anapokuwa ametoka kwenye mwaka wake bora, uwezekano mkubwa ni kwamba mwaka unaofuata utakuwa wa kawaida. Hilo halikuhitaji mganga kulitabiri.

Lakini umri hauelezi yote, na hapa tena inafaa kutazama marudio badala ya jedwali. Mchezaji wa upande mmoja akitolewa nje kwa dakika mbili za adhabu, wapinzani hubaki na mtu wa ziada, na ndipo mabao ya Stamkos yalipokuwa yakizaliwa kwa miaka mingi. Alisimama kwenye duara la kushoto la eneo la adui, goti limekunjwa, fimbo imeinuliwa nyuma, bila paki. Kazi yake ilikuwa kusubiri pasi iliyokatiza uwanja kutoka kwa Nikita Kucherov na kuipiga bila kuituliza. Kwa mtu anayeshika fimbo upande wa kulia, duara lile ndilo mahali pake, kwa sababu kifua chake hukabili upande inakotoka pasi. Forsberg naye hushika kulia, na duara hilo hilo ndilo analolipenda. Marchessault pia hushika kulia. Nashville walikuwa wamenunua wapigaji wawili wa kusimama mahali ambapo mpigaji alikuwapo, na hawakununua mtu wa kuwapelekea pasi, yaani kiungo wa kati wa daraja la juu. Mzigo huo ulibaki kwa Ryan O'Reilly, naye pia si kijana. Kwa hukumu yangu hilo ndilo kosa kubwa zaidi kuliko umri wa yeyote, na ndilo ambalo wengi wanaotaja zile dola milioni 108.5 hulisahau.

Majeruhi na ratiba

Majeruhi watajwe kwa mechi walizokosa, si kwa majina peke yake. Nahodha wa Nashville, beki Roman Josi, alicheza mechi 53 kati ya 82, na kwa beki ambaye hukaa uwanjani zaidi ya dakika 20 kwa usiku, pengo hilo si dogo. Ratiba nayo iangaliwe mahali ambapo timu ilicheza usiku mbili mfululizo katika miji miwili. Kila timu hupitia hali hiyo, kwa hiyo ni nadra ikawa sababu kuu, nami huishangaa kila inapotajwa kwanza.

Kumbuka pia kumtenga aliyefanya kazi yake. David Pastrnak wa Boston alimaliza msimu ule mbovu akiwa na pointi 106 za mabao na pasi za mabao. Kumwingiza katika lawama ya jumla ni kumwonea.

Kocha awe wa mwisho

Msikilizaji atapiga simu na kusema, "Ndugu mtangazaji, kocha afukuzwe, tumechoka," nawe unaweza kumjibu kwa hesabu bila kumvunjia heshima. Boston walimfukuza Jim Montgomery tarehe 19 Novemba 2024, rekodi ikiwa 8-9-3. Chini ya Joe Sacco aliyeshika nafasi yake walimaliza mechi 62 zilizobaki kwa 25-30-7. Gawanya: pointi 19 katika mechi 20 ni 0.95 kwa mechi, na pointi 57 katika mechi 62 ni 0.92. Kocha alibadilika na timu ikabaki palepale.

Hadithi hiyo ina upande wa pili ambao ni lazima uutaje, la sivyo utakuwa umemficha msikilizaji nusu ya ukweli. Siku tano baada ya kufukuzwa, Montgomery aliajiriwa na St. Louis Blues, na hao ndio Blues waliowapiku Calgary kwa zile pointi 96. Kocha, basi, ana uzito wake, ila uzito huo huonekana kikosi kinapokuwa na kitu cha kufanyia kazi. Rangers walimvumilia Peter Laviolette hadi msimu ulipokwisha wakamwachisha kazi Aprili 2025. Kwao matatizo yalikuwa yamekwisha kutoka nje ya chumba cha kubadilishia nguo: habari zilienea Novemba kwamba meneja mkuu Chris Drury ameziarifu timu nyingine kuwa yuko tayari kuwauza nahodha Jacob Trouba na Chris Kreider. Trouba alikwenda Anaheim Desemba, na Kreider akamfuata Juni. Katika mambo ya aina hii andika uhamisho uliotokea na tarehe zake, na uache nani alinuniana na nani kwa watu wa umbea.

Wakati wa kuandika

Tathmini ya kwanza iandikwe mwishoni mwa Novemba, timu zikiwa zimecheza mechi 20 na ushee, kwa kuwa takribani robo tatu ya timu zilizo ndani ya nafasi za mtoano wakati huo huwa ndizo zinazoingia. Iandikwe kwa penseli, kama wasemavyo mafundi. Tarehe 3 Januari 2019 St. Louis Blues walikuwa wa mwisho katika ligi nzima, wakiwa wamekwishamfukuza kocha Mike Yeo. Siku chache baadaye walimweka golini Jordan Binnington, kipa ambaye hakuwa anafahamika sana, na tarehe 12 Juni mwaka huo wakatwaa Kombe la Stanley mjini Boston. Aliyeandika maombolezo yao wakati wa Krismasi alilazimika kuyala.

Tathmini ya pili ingoje Machi, dirisha la kubadilishana wachezaji linapofungwa, maana hapo klabu yenyewe hutamka kwa vitendo kama bado inajiamini. Boston walimtoa nahodha wao Brad Marchand kwenda Florida tarehe 7 Machi 2025, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kama msimu umekwisha. Marchand mwenyewe akabeba kombe Juni akiwa na Panthers.

Tathmini kamili ije baada ya mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, na isikose sehemu ya kile ambacho msimu mbaya umekinunua. Timu zisizoingia mtoano hushiriki bahati nasibu ya kupanga nani achague kijana wa kwanza, na kura mbili huchezeshwa kwa nafasi za juu, kwa sharti kwamba timu haiwezi kupanda zaidi ya ngazi kumi. Mwaka 2025 New York Islanders walipanda kutoka nafasi ya kumi hadi ya kwanza wakamchukua beki Matthew Schaefer. Nashville, waliomaliza wa tatu kutoka chini, walichagua wa tano, Brady Martin. Boston wakachagua wa saba, James Hagens. Vijana hao watahitaji muda kabla ya kuhukumiwa, kwa hiyo wataje bila kuwapamba.

Kwa kipindi cha redio cha dakika kumi, toa dakika mbili kwa kilichotarajiwa, nne kwa sababu moja kuu uliyoichagua, moja kwa kocha, na zilizobaki ziachie simu. Eleza paki mara moja tu, mwanzoni, na namba za rekodi uzisome polepole kwa utaratibu mmoja: ushindi, vipigo, vipigo vya muda wa ziada. Ikiwa sababu kuu ni kipa, usiongeze orodha ya sababu nyingine sita ili uonekane umesoma. Nakala ya tathmini ihifadhi hadi baada ya tarehe 1 Julai, soko la wachezaji huru linapofunguliwa, ndipo uilinganishe na walichokwenda kununua: timu uliyosema imekosa kiungo wa kati ikirudi na winga mwingine wa miaka 33, utakuwa tayari umeshapata sentensi ya kufungulia kipindi cha Oktoba.